Mstari mwekundu

Walimu wenzangu mnaujua ule mstari mwekundu wa kitabu cha mahudhurio. Saa moja na nusu ikifika mkuu wa shule au makamu anachukua kalamu na rula, anapiga mstari, ukija baada ya hapo unasaini chini yake na kila mtu anaona. Mimi sina ugomvi na mstari, watoto wanasubiri darasani. Ugomvi wangu ni na kinachofuata.

Miaka kadhaa nyuma nilisaini chini yake siku mbili mfululizo. Mwanangu alikuwa na malaria, nalala naye wodini, asubuhi namwachia mdogo wangu nakimbilia daladala. Siku ya pili kabla hata sijakaa, sekretari huyo na barua ya kujieleza, nijibu ndani ya saa 24. Jamani ofisi ya mkuu na stafu yetu ni ukuta mmoja! Hakuniita, hakuniuliza, nikajibu, ikaingia kwenye faili, basi.

Toka siku ile nikawa mwalimu wa mstari. Nafika saa moja na dakika ishirini, nasaini, namaliza vipindi vyangu, kengele ikilia naondoka, na ile hesabu ya jioni niliyokuwa nawafundisha kidato cha pili bila kulipwa nikaiacha. Hilo linaniuma mpaka leo, maana wale watoto hawakuniandikia barua yoyote.

Halafu akaja mkuu mwingine, mama mmoja hivi. Kikao cha kwanza akaandika ubaoni ruzuku iliyoingia na ilikokwenda, chaki kiasi gani, mitihani kiasi gani. Tangu elimu bila ada ianze 2016 hela zinakuja moja kwa moja akaunti ya shule, na walimu wasipoonyeshwa wanajipigia hesabu wenyewe, idadi ya wanafunzi mara ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwaka, ndo minong'ono inapoanzia hapo. Kwetu iliisha wiki ileile. Na yeye mwenyewe ana vipindi vya Baiolojia, kwa hiyo ukimwambia darasa limejaa anajua unachosema.

Mstari anapiga vilevile. Siku nilipochelewa aliniita, akafunga mlango, "Madam, nyumbani kwema?" Nikamweleza. Akamwita mwalimu wa taaluma wakanisogezea kipindi cha kwanza kwa wiki ile, tukamaliza.

Najua wakuu nao wanabanwa, matokeo yakishuka afisa elimu anaanza na wao, na wengi wametolewa darasani wakakabidhiwa ofisi wakajifunzia humohumo. Ila waelewe kitu kimoja, mwalimu hawezi kuanza yeye kusema ukweli. Barua yangu ya uhamisho inapita kwa mkuu, ruhusa anatoa yeye, kazi zangu za PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, anazipitisha yeye, sasa mimi nitaanzaje kumwambia mkuu hapa umenionea? Nitanyamaza, na stafu nzima itanyamaza, yeye atadhani mambo yako shwari kumbe watu washakata tamaa. Yeye ndiye anatakiwa kuuliza kwanza, kwa mdomo, kabla ya karatasi.

Jumanne na Alhamisi jioni nimerudi kwenye hesabu. Wiki iliyopita walikuja 31, tuko kwenye hesabu za sehemu, kujumlisha tu bado kunawatoa jasho. Mkuu alipita, akaniwekea boksi la chaki mezani, akaenda zake.