Kuku wa Idi Pili

Idi yetu Zanzibar ni ya siku nne, na kuku waliochinjwa kwa ajili ya siku ya kwanza ni nadra kumalizika siku hiyo hiyo. Nyumbani kwetu Kikwajuni sahani huanza kutembea mara tu watu wanaporudi kutoka msikitini. Napeleka pilau kwa jirani wa chini, naye hanirudishii sahani tupu, kwa kuwa chini ya kawa huwa ameweka mapaja mawili ya kuku wa kupaka. Wifi yangu huja kutoka Mwanakwerekwe na bakuli la kuku wa kuoka. Mama mkwe, ambaye hajapata kukubali hata mara moja kwamba nyumba yangu ina chakula cha kutosha, huleta kuku mzima aliyekaangwa, akaniambia, "Mwanangu, hiki kidogo tu, cha watoto." Ikifika usiku, friji yangu ina kuku wa majiko manne, na kila jiko lina viungo vyake.

Siku ya pili watoto hurudi kutoka Mnazi Mmoja kwenye saa 2 usiku, miguu imejaa vumbi, mkono wa Idi umekwisha na matumbo yamedanganywa kwa ubuyu na juisi za rangi. Pilau hawaitaki tena, na wakiona sufuria ya kuku inapashwa moto huuliza kwa sauti ya huzuni, "Mama, leo tena mwiku?" Jibu langu kwa miaka kadhaa sasa ni wali wa kukaanga, ambao kwa dakika 20 huwa umeshafika mezani, lakini dakika hizo 20 zinawezekana kwa sababu sehemu kubwa ya kazi huwa nimeifanya usiku wa jana yake.

Mimi sioni aibu katika mwiku, yaani chakula kilicholala. Nimelelewa na bibi ambaye asubuhi alitupa wali uliolala, uliopashwa moto kwenye seredani, lile jiko la makaa, pamoja na ukoko wake, na chai ya rangi pembeni. Ninachokilalamikia ni namna tunavyomtendea kuku aliyebaki: tunamrudisha motoni mzima, pamoja na mifupa na mchuzi, tunamchemsha mpaka tujiridhishe, kisha tunashangaa kuona kidari kimekuwa nyuzi nyuzi kama makumbi ya nazi. Nyama ya kidari ina mafuta machache, na maji iliyobaki nayo baada ya kupikwa mara ya kwanza ndiyo yanayoifanya ilainike mdomoni. Moto wa pili ukiwa mrefu, maji hayo hutoka na hayarudi. Kuna pia ile harufu ya kuku wa jana, ambayo wengi hudhani ni ya friji. Kwa kiasi kikubwa inatokana na mafuta ya kuku mwenyewe yanayobadilika yanapokutana na hewa, na ndiyo maana kuku aliyepikwa kwa thomu (kitunguu saumu), tangawizi na karafuu hukaa vizuri zaidi kuliko yule wa chumvi tupu, kwani viungo hivyo hupunguza kasi ya mabadiliko hayo.

Kwa hiyo usiku wa Idi Mosi, kabla sijalala, nakaa na kisu kidogo na mabakuli mawili. Kila kipande nakivua nyama ilhali bado ni rahisi kuachana na mfupa, nikiichana kwa vidole kufuata nyuzi zake, vipande visizidi upana wa kidole. Nyama inakwenda bakuli moja, mifupa jingine, na mabakuli yote mawili yanafunikwa na kuingia kwenye friji. Hapa ndipo kuku wa majiko manne wanapopaswa kutenganishwa. Kuku wa kuoka wa wifi, mwenye ndimu na thomu, na yule aliyekaangwa wa mama mkwe, ndio wanaofaa zaidi kwa wali wa kukaanga, kwa sababu ni wakavu. Kuku wa kupaka anafaa iwapo atafutwa tui lake lote, maana tui likiingia kwenye karai la moto mkali huganda chini na kuungua, na wali mzima ukabeba ladha ya moshi. Tui hilo silitupi, huliwa asubuhi kwa boflo. Aliyepikwa ndani ya biriani namwacha na masala yake, kwa kuwa ladha yake inashinda kila kitu kingine.

Sasa wali, ambao ndio nguzo ya chakula hiki. Wali wa nazi haufai, hata ukiwa mtamu kiasi gani: unanata, unaungua, na katika joto letu huchacha mapema kuliko wali mwingine wowote. Pilau nayo haifai kukaangwa mara ya pili, kwa kuwa imeshashiba mafuta, na ukiiongezea mengine inakuwa mzigo tumboni. Kinachotakiwa ni wali mweupe uliopikwa kwa chumvi kidogo na maji yaliyopunguzwa kidogo, punje zikiwa zimeiva lakini zimesimama. Mchele wa Mbeya nauheshimu sana kwa harufu yake, lakini kwa kazi hii naona unashikana mno. Basmati ni bora, na mchele wa mapembe, ambao wengi wetu huununua kwa kuwa bei yake inavumilika, hufanya kazi hii vizuri kuliko sifa yake inavyoelezwa.

Wali lazima uwe umelala kwenye baridi. Punje ya mchele ikipikwa, wanga wake hunywa maji na kuvimba, na ikiwa bado ina joto ule wanga wa juu ni gundi. Ikipoa kwa saa kadhaa wanga hujipanga upya na kukaza, punje zikaachana. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa sikulijua hilo. Niliutoa wali jikoni ungali unatoa mvuke, nikaumimina wote kwenye karai pamoja na kuku na mboga, nikakoroga kwa bidii ya bibi harusi anayetaka kusifiwa. Mume wangu alikiangalia kilichokuwamo sahanini kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kama nimepika bokoboko, ule mseto wa ngano na nyama unaopondwa mpaka ukavutika.

Kuhusu kulaza wali nina jambo moja ambalo silifanyii mzaha. Kulaza maana yake ni ndani ya friji, wala si kwenye sufuria juu ya meza ya jikoni. Mchele mbichi mara nyingi huwa na mbegu za bakteria anayeitwa Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa kwenye joto la nyumba, ambalo hapa Unguja halina tofauti kubwa na joto la nje, bakteria huyo huamka, huzaana, na aina mojawapo ya sumu anazotoa haiondoki hata uukaange wali vipi. Ndiyo maana mtu anaweza kula wali uliopashwa ukatoa mvuke na bado akatapika baada ya saa chache. Wali wangu nikishauepua nautandaza kwenye sinia pana chini ya feni ili upoe haraka, nauweka kwenye chombo chenye mfuniko, na kabla ya saa 2 kupita tangu kuepuliwa uko kwenye friji. Unaliwa kesho yake, si zaidi. Kuku yeye huvumilia siku 3 hadi 4 katika baridi ya nyuzi 4 au chini yake. Wali uliosahauliwa mezani usiku kucha nautupa, na najua kwamba neno israfu litatajwa, hasa mama mkwe akiwepo. Nami nakubali kwamba ni israfu, ila naihesabu kuanzia usiku ule nilipozembea kuuweka baridini, wala si asubuhi ninapoutupa.

Watu wa rika langu tunalikumbuka pia suala la umeme. Waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka Bara ulipoharibika mwezi Disemba 2009, Unguja ilikaa gizani mpaka Machi 2010, na miezi ile tulijifunza kupika kwa kipimo, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuficha kilichobaki. Siku hizi mambo si kama zamani, lakini bado umeme ukikatika siku ya sikukuu natazama saa, na mlango wa friji haufunguliwi na mtu. Friji iliyofungwa huhifadhi baridi yake kwa takriban saa 4. Zikipita hizo, kuku na wali wake hawaingii tena kwenye hesabu ya chakula cha jioni.

Nikisema dakika 20, nazihesabu tangu watoto wanapoingia mlangoni. Kwa watu 5 nachukua wali uliotokana na vikombe 2 vya mchele mbichi, ambao ukipikwa huwa kama vikombe 6, na nyama ya kuku iliyochanwa ipatayo vikombe 2. Wali nauvunjavunja kwa vidole vilivyolowanishwa mpaka pasibaki donge. Nakatakata kitunguu maji 1, karoti 2 vipande vidogo kama punje za mahindi, pilipili boga 1, na nasaga punje 4 za thomu na kipande cha tangawizi. Njegere zikiwepo naweka kiganja kimoja, zisipokuwepo hakuna anayeziulizia. Tungule, yaani nyanya, siweki, ijapokuwa mkono wa Mswahili huiendea yenyewe kila anapoona kitunguu kinakaangwa, kwa kuwa maji yake yanatosha kuharibu kila nilichokifanya tangu jana. Mayai 3 yanapigwa na chumvi kidogo. Kila kitu kinakuwa kimekatwa na kupangwa kabla jiko halijawashwa, maana baada ya hapo hakuna nafasi ya kutafuta kisu.

Karai liwe pana na liwe la moto hasa. Maji hayapiti nyuzi joto 100, na maadamu kuna maji kwenye karai, chakula kinachemka. Ni pale yanapokwisha ndipo punje zinapoanza kupata ile rangi na harufu ya kukaangwa. Kwa sababu hiyo siumimini wali wote kwa mara moja, hata watoto wakilia njaa: wali mwingi wa baridi huuzima moto, karai linatoa jasho, na tunarudi kwenye bokoboko. Naanza na mayai katika kijiko kimoja cha mafuta, yakishika nayatoa yangali laini. Naongeza vijiko 2 vya mafuta, naweka kitunguu na karoti kwa dakika 2, kisha pilipili boga na njegere, kisha thomu na tangawizi ambavyo havihitaji zaidi ya nusu dakika, kwani thomu ikiungua inakuwa chungu. Mboga nazo natoa. Nusu ya wali inaingia na kijiko kingine cha mafuta, nauacha utulie kama dakika moja bila kuugusa ili upate rangi chini, ndipo naugeuza kwa mwiko, halafu naurudia hivyo hivyo mpaka punje zianze kurukaruka na kulia kwenye chuma. Nusu ya pili inafuata kwa namna ile ile.

Kuku anaingia mwisho, baada ya wali wote na mboga kukutana tena karaini. Vipande vikiwa vyembamba, dakika 2 au 3 za moto mkali zinatosha kuvifanya vitoe mvuke mpaka ndani, nami huchukua kipande kikubwa kuliko vyote nikakipasua kuhakikisha, kwa sababu nyama iliyopashwa nusu nusu ni hatari. Sosi ya soya vijiko 2 naimwaga pembezoni mwa karai, si juu ya wali, ili ichemke kwenye chuma kabla ya kugusa punje. Na kwa kuwa ina chumvi nyingi, na kuku wa sikukuu ameshatiwa chumvi na mikono minne tofauti, siongezi chumvi nyingine mpaka mwisho. Pilipili manga, mayai yanarudi, majani ya kitunguu na kotmiri juu, moto unazimwa. Ndimu inakamuliwa mezani, kila mtu na sahani yake. Wifi yangu hupenda kutia uzile (bizari nyembamba) uliosagwa, akidai kwamba bila hivyo wali haujui kama umepikwa Unguja. Nilimkatalia kwa miaka miwili, na mwaka wa tatu nikaanza kutia nusu kijiko bila kumwambia.

Mifupa ile ya bakuli la pili huwa inachemka wakati sisi tunakula, ikiwa na tangawizi, pilipili manga na kitunguu kizima, kwenye seredani uani kwa sababu gesi ya kuchemshia mifupa saa nzima ni ghali. Ikiiva naichuja, naipoza haraka kwenye beseni la maji, na inaingia friji. Asubuhi ya Idi ya tatu mama mkwe hufika mapema kuangalia kama tumekula vizuri, nami humwekea bakuli la supu hiyo ikiwa ya moto, na ndimu na pilipili. Huinywa yote. Kisha hunyanyua kawa aliyokuja nayo.

"Nimekuleteeni kuku," anasema, "hiki kidogo tu."