Kupima mzunguko wa asteroidi mvivu: 253 Mathilde

Asteroidi nyingi za ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii hujizungusha mara moja kwa saa chache, hivyo usiku mmoja au miwili hutosha kuona mwangaza wake ukipanda na kushuka. Mathilde haipimiki hivyo. Johann Palisa aliigundua mjini Vienna mwaka 1885, lakini muda wa mzunguko wake ulikuja kupimwa miaka ya 1990: saa 417.7, yaani siku 17.4.

Mwangaza wake hubadilika kwa magnitudo (kipimo cha mwangaza wa angani) 0.45 hivi, na kwa kila mzunguko hupanda mara mbili. Toka kilele hadi bondeni ni siku nne na zaidi. Ukiikodolea macho saa sita mfululizo utaona badiliko la 0.04 tu, tena kwa bahati. Picha 15 za dakika tatu tatu zatosha kwa usiku; usiziache ziwe ndefu zaidi, maana asteroidi inatembea na itaacha mstari. Darubini ya sentimita 20 inaifikia bila shida.

Kazi ngumu ni kuunganisha usiku na usiku, na hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Kila siku Mathilde imehamia kwenye nyota nyingine, na kosa la 0.05 katika nyota za kulinganishia ni karibu nusu ya badiliko la usiku mmoja hadi mwingine unalolitafuta. Chagua nyota tano au zaidi zenye rangi inayokaribia ya Jua, chukua mwangaza wake kutoka katalogi moja tu ya nyota (ya Gaia, chombo cha Ulaya cha kupima nyota, ni nzuri), na usibadilishe filta hata siku moja.

Kisha ondoa athari ya umbali wa asteroidi kutoka Jua na kutoka Dunia, halafu ya pembe kati ya Jua, asteroidi na Dunia. Asteroidi nyeusi kama hii hufifia kwa karibu magnitudo 0.04 kila pembe hiyo inapoongezeka kwa nyuzi moja. Ukisahau hatua hii, utadhani inazunguka kumbe inafifia tu.

Unahitaji mizunguko miwili kamili, siku 35. Ndani yake mwezi mpevu lazima utokee, na asteroidi iliyo mkabala na Jua huwa jirani na mwezi huo. Wengi hupumzika wiki hiyo, nami naona ni kosa: pengo la siku saba ni karibu nusu ya mzunguko, na programu ya kukokotoa mzunguko itakupa majibu mawili matatu yanayofanana kwa uzuri. Piga picha kwa filta nyekundu tangu siku ya kwanza, ruka usiku mmoja tu wa mwezi ulio karibu kabisa.

Uvivu huu uligusa hata NEAR, chombo cha anga cha NASA kilichopita kilomita 1,212 kutoka Mathilde tarehe 27 Juni 1997. Kwa dakika 25 za kupiga picha, asteroidi ilikuwa imegeuka chini ya nusu ya nyuzi moja. Upande uliokuwa gizani ulibaki gizani, na hadi leo hatujauona.