Sonara aliyemkopesha malkia

Leo nimepita Lauriston Place, Edinburgh, nikakodolea macho shule ya George Heriot. Ni kasri kabisa! Kumbe mwenyewe alikuwa sonara, mtoto wa sonara. Mwaka 1597 aliteuliwa kuwa sonara wa Malkia Anne, mke wa James VI, mfalme wa Uskoti, na 1601 akawa wa mfalme pia. Malkia alipenda vito balaa. Akiishiwa, anaviweka rehani kwa Heriot huyohuyo aliyemuuzia, anapewa mkopo wenye riba. Biashara hiyo jamani! James alipohamia London 1603 kutawala Uingereza, Heriot naye akafuata. Alifariki 1624 bila kuacha mtoto wa ndoa, na sehemu kubwa ya mali yake ikajenga makao ya kulea na kusomesha wavulana waliofiwa na baba, ndiyo shule hii ya leo.