Uzoefu wangu: kuishi Iowa City bila gari

Iowa City, mji wa jimbo la Iowa nchini Marekani, ina watu kama 75,000, na Chuo Kikuu cha Iowa kina wanafunzi zaidi ya 30,000. Ndiyo maana karibu kila kitu mjini, kuanzia nyumba za kupanga hadi ratiba za mabasi, hufuata kalenda ya chuo. Nami nilipanga maisha kwa kalenda hiyo hiyo.

Nyumba kwanza. Mikataba mingi jirani na chuo huanza mwanzoni mwa Agosti na kuisha mwishoni mwa Julai, na nyumba nzuri huanza kutangazwa tangu vuli iliyotangulia. Mara nyingi kati ya mkataba unaoisha na unaoanza kuna siku chache za usafi na kupaka rangi, na mpangaji hana pa kulala. Kabla ya kutia saini niliuliza tarehe na saa ya kukabidhiwa funguo, nikataka jibu kwa maandishi, kisha nikatafuta mapema mahali pa kuhifadhi mizigo.

Siku hizo hizo wanaohama huacha fanicha kando ya barabara. Meza au rafu ya mbao nachukua, godoro na kochi la kitambaa siyagusi kabisa, hata yawe mapya namna gani, kwa sababu kunguni hukaa ndani ya mishono. Hata mbao huwa naimulika kwa tochi ya simu kwenye viungo na matundu ya skrubu. Ukiona vidoti vyeusi vilivyosambaa kama wino, hicho ni kinyesi chao. Fanicha hiyo iache hapo hapo.

Kuhusu amana, yaani pesa ya dhamana unayompa mwenye nyumba unapoingia, sheria ya Iowa hairuhusu mwenye nyumba kudai zaidi ya kodi ya miezi miwili. Ukihama, ana siku 30 za kuirudisha au kukuandikia sababu za makato. Wengi hukwama hapa: siku hizo hazianzi kuhesabiwa mpaka umpe anwani yako mpya, na ukikaa mwaka mzima bila kumpa, pesa inabaki kwake. Mimi hutuma anwani kwa barua pepe kabla sijarudisha funguo. Siku ya kuingia napiga picha ndani ya oveni, chini ya sinki na kila doa la zulia.

Usafiri ni neema ya mji huu. CAMBUS, mabasi ya chuo, hubeba mtu yeyote bure, na mabasi ya mji yaliacha kutoza nauli Agosti 2023. Lakini chuo kikifunga, CAMBUS hupunguza safari, kwa hiyo nilichagua nyumba iliyo karibu na njia ya basi la mji pia. Januari, kusubiri kituoni dakika ishirini kwenye upepo si jambo dogo, basi ni afadhali kulipa kodi zaidi kidogo ukae jirani na kituo.

Baridi ina kanuni zake. Ndani naweka joto la Farenhaiti 68, yaani Selsiasi 20. Nikisafiri likizo ya Desemba sizimi hita, nashusha hadi 55 tu na kuacha milango ya kabati la sinki wazi, kwa sababu maji yakiganda hutanuka na kupasua bomba, na gharama inaweza kumwangukia mpangaji. Theluji ikifika inchi moja, njia ya miguu mbele ya nyumba inatakiwa iwe imesafishwa ndani ya saa 24 tangu ikome kuanguka. Soma mkataba ujue kazi hiyo ni ya nani.

Kufua ni mashine za sarafu za senti 25 katika majengo mengi ya zamani. Benki hutoa fungu la sarafu 40 kwa dola 10.

Na chakula? Wakongo ni wengi Iowa City na mji jirani wa Coralville, hivyo maduka ya Waafrika huuza sombe (kisamvu) iliyogandishwa, makayabo (samaki wa chumvi) na unga wa mihogo. Unga wa ugali usinunue ule ulioandikwa masa: mahindi yake yamechemshwa na chokaa, ukiusonga unanata na harufu si yake. Chukua wa mahindi meupe ya kawaida, na kama chembe ni kubwa, usage tena kwenye blenda na uchekeche.