Siku yangu moja na watoto 94 wa darasa la pili

Saa 11:30 alfajiri

Kabla ya kuwasha jiko natoka nje kutazama mwezi. Nafundisha shule ya msingi iliyo kando ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, na watoto wengi wa darasa langu wanatoka mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti tena na mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Siku za giza mitumbwi hurudi alfajiri na nyumba nzima huamkia kuanika. Mtoto anayeingia darasani baada ya kazi hiyo si yule niliyekuwa naye wiki ya mbalamwezi, ingawa jina ni lilelile.

Leo ni giza. Kwa hiyo Kuhesabu, ambako tuna jambo gumu, nakusogeza hadi baada ya uji.

Saa 1:20 asubuhi

Mstarini. Wimbo wa taifa, matangazo, ukaguzi wa usafi. Kuna mvulana aliyehamia kwetu karibuni, nyumbani kwao ni Kisukuma kitupu, na tangu aje hajanijibu neno. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, Kisukuma changu ni cha sokoni tu, lakini namwinamia na kumsalimia, "Mwangaluka." Anajibu papo hapo, tena kwa sauti.

Ni rahisi kumwandika mtoto kama huyu kuwa ni mzito. Sasa najua anasikia vizuri na kusema anasema. Anachokosa ni Kiswahili, na kumpa Kiswahili ni kazi yangu.

Saa 2:00 asubuhi

Kusoma. Tangu mtaala wa 2015, darasa la kwanza na la pili tunajikita kwenye KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mtaala ni mmoja, lakini watoto hawa hawajafika mahali pamoja. Wapo wanaosoma hadithi fupi na kunieleza nini kimetokea. Wapo ambao "mba" na "nda" bado zinawakwaza. Na wapo wachache ambao herufi zenyewe hazijakaa.

Kule India, shirika la Pratham, lililoanzia Mumbai miaka ya 1990, limejenga kazi yake juu ya jambo hili: wapange watoto kwa kile wanachoweza kusoma leo, usiwapange kwa umri. Nami nawapanga makundi matatu, moja likikaa nje chini ya mwembe. Makundi hayana jina la werevu wala la wajinga, na hakuna anayeachwa humo mwaka mzima. Nasikiliza mmoja mmoja, nahamisha.

Leo nimemsikiliza msichana anayesoma kwa kasi ya kufurahisha. Nikaziba picha kwa kiganja, nikamwonyesha mstari wa mwisho. Akasoma wa kwanza. Amekariri ukurasa mzima kwa kuwasikiliza wenzake! Kumbukumbu ya namna hiyo ni mali kubwa, ila kusoma bado hajaanza, na angeweza kupata vema zake zote mpaka Upimaji wa Taifa wa darasa la nne. Anaanza na silabi kesho, na kumbukumbu hiyo itamsaidia.

Saa 4:00 asubuhi

Uji. Ofisini mwalimu mwenzangu aliyetoka semina anashauri tuwagawe watoto: wa kuona, wa kusikia, wa kutenda, kila mmoja afundishwe kwa njia yake. Nia yake ni njema, na nimemwambia wazi kwamba sikubaliani naye. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, walipitia tafiti za jambo hilo na hawakuona ushahidi wa kutosha wa kugawa watoto hivyo. Nikifundisha makumi na mamoja, kila mtoto anahitaji kuona mabunda ya vijiti, kuyashika, na kusikia ninachosema. Tofauti ninayoitafuta mimi ni nyingine: huyu anajua nini tayari, na anakwama wapi?

Saa 4:30 asubuhi

Kuhesabu. Kutoa kwa kukopa. Mvulana mrefu wa nyuma anaangalizia kwa jirani kama kawaida yake. Namleta benchi la mbele, naandika swali jipya. Analinakili mwenyewe, bila kosa. Kumbe ubao ulikuwa haumfikii. Benchi la mbele ni lake kuanzia leo, na mzazi wake nitamwandikia ampeleke kupimwa macho.

Saa 6:30 mchana

Bibi mmoja anamfuata mjukuu. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Huyu vipi, anajua?" Namwambia anajua kutoa samaki kwenye fungu kichwani kuliko wengi, tatizo ni akiandika. Bibi anacheka: mwaloni ndiye anayemhesabia chenji. Hilo sikuwa nalo kwenye andalio langu la somo. Sasa lipo.

Saa 8:00 mchana

Madaftari. Hapa ndipo nawajua watoto wangu kuliko mahali pengine popote, na kama kuna jambo ningependa kila mwalimu mpya aoneshwe chuoni, ni kusahihisha bila kukimbilia kosa na vema. Swali lilikuwa 32 − 17.

Mmoja kaandika 25. Hakubahatisha: 3 toa 1 ni 2, na kwenye mamoja 2 toa 7 ameona haiwezekani, akageuza, 7 toa 2, akapata 5. Anatoa kidogo kwenye kikubwa popote pale. Wa pili kaandika 49. Huyu hesabu zake ni safi kabisa, kajumlisha tu, hakutazama alama. Wa tatu kaandika 14, na pembeni kachora vistari vyake: kakopa vizuri, kateleza akihesabu. Mjukuu wa bibi kaandika 51. Jibu analo, tarakimu kazipindua.

Wote wanne wamekosa. Nikiwaweka alama ya kosa na kurudia somo zima kwa sauti kubwa zaidi, nitakuwa nimemfundisha mmoja tu, yule wa 25. Watatu waliobaki watakaa wakisikiliza dawa ya ugonjwa wasioumwa.

Saa 2:00 usiku

Andalio la kesho. Waliopata 25 ni wengi, watakaa nami sakafuni na mabunda ya vijiti, wafungue bunda la kumi kwa mikono yao kabla ya kuandika chochote. Waliojumlisha watazungushia alama kwa penseli kwanza. Wa 14 anahitaji mazoezi mengine ya kuhesabu kwa vizibo vya soda. Mjukuu wa bibi atauza samaki darasani: aseme chenji kwa mdomo, kisha aiandike chini ya vichwa viwili, makumi na mamoja. Mvulana wa Kisukuma nitamkalisha karibu yake, awe mnunuzi.