Dainosa anayehema

Juzi nilikuwa na bando linaloisha saa sita usiku, nikasema silali hapa mpaka limalizike, nikajikuta naangalia katuni ya mwaka 1914. Inaitwa Gertie the Dinosaur, kaichora Winsor McCay, Mmarekani aliyekuwa anachorea magazeti. Haina sauti, haina rangi, mistari mitupu. Mpwa wangu alikuwa pembeni (saa hizo alitakiwa awe kalala, dada usisome hapa) akaniuliza, "Mjomba, mbona anahema?"

Nikarudisha nyuma. Kweli bwana! Gertie kasimama tu hana analofanya, ila ubavu unapanda unashuka. Kumbe McCay alijipima pumzi zake mwenyewe kwa saa ndo akajua ampe dainosa ngapi, na ardhi nayo inabonyea kidogo akikanyaga.

Mimi nachora kuta za maduka hapa Ngamiani, najua karaha ya kurudia mchoro mmoja ukafanana na wa kwanza, sasa huyu michoro kama 10,000, na zile plastiki za kuona ng'ambo walizokuja kutumia wenzake, unazilaza juu ya mandhari moja tu, hakuwa nazo, kwa hiyo milima na mawe na ziwa vyote vinanakiliwa upya kila karatasi. Kazi hiyo alimpa kijana wa jirani, John Fitzsimmons. Angalia mawe, yanatetemeka, ni mkono wa yule dogo huo.

Na mwanzoni haikuwa ya kukaa ukaangalia tu. McCay anasimama jukwaani na mjeledi, anamwamuru Gertie asalimie watu, akigoma anagombezwa, analia machozi! Anamrushia tofaa, kumbe kalificha mkononi, huku kwenye pazia la sinema Gertie anadaka. Mwisho McCay anapita nyuma ya pazia, anatokea kachorwa, kabebwa na Gertie. Usanii huo jamani.

Halafu miaka hiyohiyo, 1909 mpaka 1913, wazee wetu kule Tendaguru, Lindi, walikuwa wanachimba mifupa ya dainosa wa kweli, wanaibeba kwa miguu mpaka bandarini iende Berlin, na iko hukohuko hadi leo. Hilo tuliache, nitakasirika bure.

Mpwa akaniwekea oda ya Gertie ukutani. Nimemchora jana, rangi mbili, shingo imepita dirisha. Kamkodolea macho weee, mwisho kaja kuniambia, "Mjomba, huyu kabana pumzi."