Porsche yangu ya faiba, injini ya Subaru, na hita isiyohitajika Unguja

Nianze na hili ili tusisumbuane: hapana, gari yangu si Porsche. Kila nikisimama Michenzani hakosekani wa kuniuliza bei, na nikimwambia ni nakala huondoka amenuna, utadhani nilimuahidi kitu. Bodi ni ya faiba, hii hii ya kujengea maboti, imefinyangwa kwa sura ya Porsche 356 Speedster, gari iliyotengenezwa Ujerumani kati ya 1954 na 1958. Chini yake ni sakafu ya Volkswagen Beetle. Beetle ina sentimita 240 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, 356 ina 210, kwa hiyo aliyeijenga huko Afrika Kusini alikata sentimita 30 katikati akaunga upya. Basi, kashfa yote nimeshaitaja mwenyewe.

Ilikuja kisiwani na mgeni aliyekuwa akiishi upande wa Jambiani. Alipohama iliachwa chini ya mkungu, injini imekufa, na mie nikaichukua kwa pesa ya vespa nzuri na kidogo juu yake.

Ushauri ukaanza kumiminika. Rudishia injini ya Beetle, inapozwa kwa upepo, haina maji, haina maradhi! Kweli haina maji, lakini zile cc 1600 hutoa nguvu za farasi 50 hivi, na spea zake ni za kuagiza. Basi tia ya Toyota, spea zimejaa Mwanakwerekwe! Anayesema hivyo hajainama kulitazama shimo lenyewe la nyuma. Injini ya Toyota imesimama, na pale paliundwa kwa injini iliyolala, pistoni mbili kulia, mbili kushoto. Subaru ndivyo ilivyo, imelala bapa. Nikachukua Dar EJ20 isiyo na turbo, ya Impreza, pamoja na kontroli boksi, kompyuta ya injini, na furushi lake lote la waya. Msikubali injini bila waya zake. Aliyeniuzia alikuwa keshashika mkasi azikate ili imtoke upesi.

Sahani ya kuungia injini na gia boksi ya Beetle niliagiza Uingereza, kwa bei ambayo mke wangu anaijua nusu. Sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, ikafupishwa, maana ile ya asili inaning'inia na kisiwa chetu ni cha matuta. Rejeta ikawekwa puani, mabomba mawili yakapitishwa chini ya sakafu. Pampu ya mafuta, ekzosi, klachi, hayo fundi yeyote anayajua. Ikawaka.

Ikawaka, na ikachemsha. Nikitoka Fuoni, sijafika Tunguu mshale umeshagusa nyekundu. Nazima, nasubiri, naongeza maji, narudi mwendo wa harusi huku watoto wa baiskeli wakinipita na kunipungia.

Fundi wa kwanza alisikia neno Subaru tu akasema gasketi ya hedi. Hata boneti hakufungua, na angefungua ya mbele, wakati injini iko nyuma. Sifa hiyo ya gasketi ni ya EJ25 zaidi, injini nyingine ya Subaru, lakini nani anakusikiliza? Gasketi ikifa ina dalili zake: mafuta ya injini yanageuka rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe nyuma, mapovu yasiyokwisha kwenye tangi la maji. Yangu haikuwa na hata moja. Wa pili, mtu mzima, akaniweka kando kwa upole: “Mwanangu, toa thamostati. Hiyo ni ya Ulaya, kwetu huku joto.” Haya maneno nimeyasikia tangu mdogo. Thamostati ni mlango unaozuia maji mpaka injini ipate joto; ukiitoa, injini haifiki joto lake, sensa inaiambia kontroli boksi kuwa bado baridi, nozeli zinamwaga mafuta ya ziada, na pesa yako inatokea kwenye ekzosi. Wa tatu akataka tufunge feni ya pili. Feni ya kwanza ilikuwa haijazunguka tangu siku iliyofungwa!

Aliyenifumbua macho hakuwa fundi wa magari kabisa. Ni jirani yangu, fundi bomba, alikuja kudai ngazi yake. Gari inatokota, yeye akapiga magoti akaweka kiganja kwenye rejeta, akacheka.

“Yakhe, nyuma moto, huku baridi. Maji hayafiki. Una upepo kwenye bomba.”

Kwake hiyo ni kazi ya kila wiki: tangi juu limejaa, bomba la jikoni linakoroma bila kutoa tone. Tangi langu la kujazia liko nyuma, rejeta iko mbele, mabomba yanashuka chini ya sakafu kisha yanapanda. Upepo ukishafika kichwani mwa rejeta hauna pa kutokea.

Tukatoboa kona ya juu ya rejeta, tukalehemu skrubu ya kutolea upepo, ile ya breki. Bahati rejeta ni ya shaba, ingekuwa ya alumini tungeomboleza. Kisha pua ya gari tukaipandisha juu ya magogo, upepo wote ukusanyike huko. Lakini sasa pua iko juu kuliko tangi, kwa hiyo ukifungua skrubu gari itavuta upepo badala ya kuutoa. Mie nikakwama hapo, jirani yangu ndiyo kwanza amechangamka. Akachukua dumu la lita 20, akalitia mpira chini, akalitundika kwenye tawi la mwembe, na mwisho wa mpira akaukaza kwenye mdomo wa tangi. Gari ikalala pale kama mgonjwa wa dripu. Mie mbele na spana namba nane, nafungua: fyuuu, maji yanakohoa, fyuuu tena. Baraza nzima imehamia uani kwangu. Bi mkubwa mmoja akauliza kama tunainywesha kombe, yale maji ya aya za Kurani. Nikamwambia bado, bibi, tukishindwa ndiyo tutafika huko.

Yalipotoka maji matupu nikakaza. Tunguu nikaenda na kurudi, mshale umetulia. Nikajitia ushujaa nikashika njia ya Jozani, na kabla ya msitu ikachemsha tena. Safari hii polepole zaidi, lakini ilichemsha.

La pili hili nililikamata mwenyewe, usiku, nikifuata kwa kidole mchoro wa njia za maji za EJ. Injini nyingi tulizozizoea thamostati iko juu, maji yanakotoka. Ya EJ iko chini, yanakoingilia pampu, na ili ifunguke lazima iguswe na maji ya moto. Unaoifikishia maji hayo ni mzunguko wa hita ya ndani ya gari. Fundi aliyefunga injini alikuwa ameyaziba matundu yote mawili ya hita, kwa boliti na klipu, kazi safi kabisa. Nilipomuuliza alinitazama kwa huruma: “Hita ya nini, bwana, Unguja?” Utambishia nini? Januari hapa hata bomba la nje linatoa maji moto. Nikanunua kipande cha mpira, bei yake haifiki sahani ya biriani, nikaunga tundu kwa tundu. Thamostati ikafunguka, feni ikalia kwa mara ya kwanza. Nikaenda Paje na kurudi, nikapita miembe ya Bi Khole bila kutazama mshale. Uongo: niliutazama kila mwembe.

Maji ya kisima msitie. Kisiwa ni mawe ya matumbawe, maji yana chokaa, chungulia ndani ya birika lako utaona. Mie huchanganya kulanti na maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi cha dukani kwa shemeji.

Na taa! Faiba haipitishi umeme. Gari ya bati taa hupata hasi yake kwenye bodi, hii yangu nilikuwa nikiwasha indiketa taa ya breki inakonyeza. Kila taa ipelekewe waya wake wa hasi mpaka kwenye chesisi. Atakayekwambia “funga tu hapo kwenye bodi,” mwambie akafunge kwenye boti yake.

Speedster ya 356A ya kawaida ilikuwa na farasi 60. Yangu ina zaidi ya mara mbili, kwa gia boksi ileile ya Beetle ya gia nne, kwa hiyo ukiondoka usikanyage kwa hasira, utaokota meno ya gia barabarani. Breki za mbele nilitia disiki kabla hata sijawasha injini, na anayefanya kinyume mie simpandii gari yake. Kadi ilibadilishwa namba ya injini, foleni yake siisimulii.

Kilichobaki ni kutu. Juu faiba, chini bati la Beetle, na chumvi ya Paje inajua pa kupita. Kila nikirudi pwani naiosha chini kwa maji matamu. Fundi bomba huja kunisaidia bila kuitwa, maana anataka kuiendesha. Nimemwambia alete leseni kwanza, na ya vespa haihesabiki.